Fito Zilizolala Majini

Miezi minne baada ya kumzika mama, dada yangu alinishika mkono akanipeleka kwenye ukumbi ambako watu walikutana kusuka vikapu vya fito za mierebi, miti yenye matawi membamba yanayopindika. Sikutaka kwenda. Usiku nilikuwa nikishtuka saa nane na kukaa macho mpaka alfajiri, na mchana nilichoka kuulizwa hali.

Mezani fito zilikuwa zimefunikwa kwa nguo mbichi, zikinuka gome na maji ya mtoni. Mwalimu alituambia hukatwa msimu wa baridi, majani yakishapukutika, kisha hukaushwa. Zenye gome huloweshwa takriban siku moja kwa kila futi ya urefu, halafu huviringishwa kwenye nguo mbichi usiku kucha. Ukizifanyia haraka, zinakukatikia.

Tulianza na kitako. Unapasua fito nne katikati kwa ncha ya kisu, unapenyeza nyingine nne, unapata msalaba. Kazi ni kuutawanya: kila ufito wa msalaba unaukunja pembeni hadi zote zikae kama miale ya jua, huku fito mbili nyembamba zikipishana juu na chini kuzibana. Nilivuta, ukavunjika. Nikajaribu mwingine, nao ukavunjika. Machozi yakanitoka.

Hakuna aliyeacha kazi yake kunitazama, na hilo nalishukuru hadi leo. Mzee aliyeketi kulia kwangu aliung'oa ufito uliovunjika, akachagua mwingine, akaupitisha mara mbili tatu kati ya kidole gumba na cha shahada, akanipa.

"Ulegeze kwanza, mwanangu, ndipo uukunje."

Akarudi kwenye kikapu chake. Baada ya muda nikajikuta namsimulia mama alivyokuwa akikunja nguo, pindo kwa pindo, akizilainisha kwa kiganja kana kwamba zitaumia. Hakuinua macho. "Mke wangu naye," alisema, kisha akanyamaza, tukaendelea kusuka.

Mwalimu alisema baada ya vita vya 1914 hadi 1918 askari waliojeruhiwa walifundishwa kusuka vikapu hospitalini. Wapo wanaodhani kazi hii husahaulisha. Mimi sikusahau kitu. Nilimkumbuka mama siku ile kuliko siku yoyote tangu msiba, na nikaweza kukaa naye bila kukimbia.

Muda ulipokwisha, kikapu changu kilikuwa hakijapanda hata vidole vinne, na kitako kiliyumba mezani. Mwalimu alikisukuma katikati kwa dole gumba kiinuke kwa ndani, kikatulia. Akanifungia fito zilizobaki kwenye nguo mbichi nikamalizie nyumbani. "Usiziache zikauke," alisema.

Usiku nikashtuka saa nane. Nikawasha taa, nikafungua lile furushi, nikazinyunyizia maji, nikalifunga tena. Nikarudi kitandani, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshachomoza.