Mlango Usioachia Rangi

Mdogo wangu ni fundi wa kupuliza rangi za magari, mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kushika kazi moja. Kilichotukutanisha ni Peugeot 504 ya baba, ya mwaka 1978, rangi ya bluu, iliyokaa bandani tangu baba aache kuendesha. Injini ilikuwa imeshatengenezwa na fundi mwingine na ilikuwa inawaka bila shida. Iliyobaki ni sura yake, ndani na nje. Baba alitupa funguo akasema, "Mama yenu anataka kulipanda tena hili gari. Liwekeni sawa." Basi.

Tukaanza kwa kubishana. Mdogo wangu alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye boneti, kikatoka na unga mweupe. Akasema rangi imekufa, ikwanguliwe yote, ipigwe praima na ipulizwe upya. Ndiyo kazi yake, na anaifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Lakini mimi sikutaka. Ile ndiyo rangi lililotoka nayo kiwandani, na ukishaikwangua huirudishi. Tena kuna ule mkunjo wa mfuniko wa buti, pale unapoinama ghafla kuelekea bampa. Mchoro huo ulitoka kwa Pininfarina wa Italia, na gari lilipotoka mwaka 1968 ndio uliowafanya watu waligeukie barabarani. Mwaka uliofuata likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Nimeona 504 nyingi zilizopakwa upya ambazo mkunjo ule umezikwa kwenye puti, lile rojo zito la kujazia mabonde ya bati, na msasa mpaka umekuwa kama kilima kilicholiwa na mvua. Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba la baba sitaki lifike huko.

Tukakubaliana tujaribu kwanza. Tulichagua kona moja ya buti, eneo la ukubwa wa daftari, tukaliosha kwa maji na sabuni laini, tukapitisha ule udongo maalumu unaong'oa uchafu ulionasa kwenye rangi, kisha nikachukua kitambaa cheupe cha pamba chenye polishi nikaanza kusugua. Kitambaa kikageuka bluu. Mdogo wangu alikitazama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Tabaka moja."

Hapo nilijua nimeshinda nusu ya ubishi. Magari mengi ya siku hizi yana rangi chini na kliya juu yake, yaani ile vanishi angavu inayobeba mng'ao. Ukiyasugua, kitambaa hakishiki rangi, kwa sababu unachosugua ni kliya. Rangi ya zamani ya tabaka moja ndiyo rangi na ndiyo mng'ao wenyewe. Jua huila kutoka juu: gundi inayoshika chembe za rangi huoza, chembe zikabaki zimelegea, ndiyo ule unga wa kwenye kidole. Lakini ni ngozi ya juu tu iliyokufa, chini yake rangi ni nzima. Tatizo ni kwamba unene wote ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kila unapong'arisha unapunguza. Kwa hiyo unasugua kwa adabu.

Kona ile ya buti ilikuwa imegeuka bluu iliyokolea, bluu niliyoijua utotoni nikiwa nimekalishwa kiti cha nyuma. Mdogo wangu akasema sawa, tutang'arisha, ila ndani kuanze, asije akamaliza nje halafu mimi nimtimulie vumbi.

Ndani kulikuwa na harufu ya unyevu, na harufu hiyo haitoki kwa manukato. Tulitenganisha betri, tukafungua boliti za viti tukavitoa vyote, kisha tukafunua zulia. Chini ya zulia kuna tabaka nene la nyuzi la kuzuia kelele, na tabaka hilo lilikuwa limelowa upande wa mbele, bado linatoa maji ukilikamua. Bati chini yake lilikuwa na kutu ya juujuu, haijatoboa. Mdogo wangu aliikwangua mpaka chuma kikaonekana, akapaka praima ya kuzuia kutu na rangi juu yake. Mimi nilikuwa natafuta maji yanaingilia wapi, maana kukausha zulia bila kuziba njia ya maji ni kufanya kazi ya wiki ijayo upya.

Yalikuwa yanaingilia mahali pawili. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kuachia kwenye kona ya chini. Hilo lilikuwa rahisi kuliona. La pili ni la milangoni. Watu wengi hudhani maji hayatakiwi kuingia ndani ya mlango, kumbe huingia kila mvua inaponyesha, kupitia pale kioo kinapozama, yakateremka ndani ya bati na kutoka kwa matundu madogo yaliyo chini kabisa. Kinachoyazuia yasifike kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya mlango. Kwetu karatasi hizo zilikuwa zimechanika na matundu yamejaa udongo. Maji yalikuwa yanalowesha ubao wa paneli, ubao unavimba, klipu zinang'oka, na yanayobaki yanachuruzika kwenye zulia. Tulizibua matundu kwa waya, nikakata nailoni nzito kwa kufuatisha zile za zamani nikazibandika, na paneli nikazitengenezea ubao mpya. Ngozi bandia ya juu niliibandua taratibu nikairudisha ileile. Ilikuwa na alama pale mkono wa baba ulipokuwa unaegemea, na sikuona sababu ya kuiondoa.

Kitambaa cha dari kilihitaji kuoshwa tu, kwa sabuni kidogo na sponji iliyokamuliwa. Dashibodi ilikuwa na ufa mmoja juu, upande wa jua, nikauacha. Ngozi bandia ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na joto la miaka hufukuza mafuta hayo mpaka plastiki inakuwa ngumu na kupasuka. Mafuta hayo yanakwenda wapi? Sehemu yake iko kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani: ule ukungu unaonata ambao kitambaa kikavu husambaza tu. Niliutoa kwa spiriti na kitambaa safi, nikakibadilisha kila kilipochafuka, na nilipomaliza mwanga uliokuwa unaingia ndani ya gari ulikuwa mwingine kabisa.

Sasa nifike kwenye kiti cha dereva, kazi niliyoipenda kuliko zote. Vile vingine vilikuwa vizima, vilitaka kuoshwa tu. Cha dereva kilikuwa kimepasuka ubavu wa mlangoni, pale kila anayepanda na kushuka hupasugua, na sponji imesagika kuwa unga wa rangi ya kahawia. Nilikata zile pete ndogo za chuma zinazoshika kava kwenye fremu, nikalivua zima. Halafu nikalifumua mshono kwa mshono kwa wembe, bila kuvuta. Kabla ya kutenganisha kila kipande nilikiandika herufi kwa nyuma, nikachora mshale wa kuonyesha mbele ni wapi, na kuweka alama za kukutania kila baada ya shubiri. Kava la zamani ndilo ramani yako. Hata likiwa limechanika, matundu ya uzi bado yanakuonyesha fundi wa kiwandani alipitisha mshono wapi na alikunja kiasi gani.

Kushona ngozi bandia si sawa na kushona gauni. Kwanza, huwezi kuibana kwa pini, kwa sababu kila tundu linabaki, unatumia vibanio. Sindano nilitumia namba 18, uzi wa polista mnene, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jua na jasho. Na hatua ya mshono lazima iwe ndefu, kama milimita nne hivi. Ukishona kwa hatua fupi ya nguo, matundu yanakaribiana mno, na siku mtu mzito akikaa, ngozi inachanika kwa kufuata mstari wa mshono. Cherehani yangu ililia sana kwenye zile kona zenye tabaka nne. Pale niliacha kukanyaga pedali, nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu.

Fremu nayo nilisafisha, nikatandika gunia jipya juu ya springi ili zisile sponji, nikakata sponji mpya ngumu kwa chini na laini kwa juu. Kava jipya nililianika kwanza juani, maana likiwa baridi halinyooki. Likiwa na joto linavutika, unalivisha huku unalipapasa kutoka katikati kwenda pembeni, unasukuma mikunjo mbele ya kiganja, kisha unafunga pete mpya kwa koleo kabla halijapoa. Mdogo wangu alinishikia upande wa pili. Lilipopoa likakaza lenyewe. Alikigonga kile kiti kwa kiganja mara kadhaa, akasema, "Dada, hili hata kiwandani wangelipokea." Kutoka kwake hayo ni maneno mengi.

Kisha ikawa zamu yake. Alibandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote za boneti na milango, kwa sababu kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi na ndiko hutoboka kwanza. Alipaka polishi yenye mafuta mengi mwili mzima wa gari, akaiacha ilale usiku, maana rangi ya zamani iliyokauka huinywa. Asubuhi akafuta na kuanza kung'arisha kwa mashine, mwendo wa pole, padi laini, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa namwoshea padi. Zilikuwa zinatoka bluu, ndoo ya maji ikawa bluu, vidole vyangu vikawa bluu.

Mpaka alipofika mlango wa mbele wa kushoto. Padi ikatoka nyeupe.

Alidhani ni mashine. Akabadilisha padi, akapita tena, nyeupe. Akainama akautazama mlango kwa mshazari, jicho karibu na bati, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akaugonga kwa kidole sehemu ya juu, ukalia. Akashuka chini, mlio ukawa mzito. Puti. Mlango huu ulipigwa ukanyooshwa, ukapulizwa upya na kupigwa kliya juu. Rangi ilikuwa imechanganywa vizuri sana, na wakati gari zima lilikuwa limepauka usingeona tofauti. Sasa kwa kuwa vingine vyote vilikuwa vimerudi kwenye rangi yake, mlango ule ulionekana una bluu yake peke yake, imeelekea kidogo kwenye kijani.

Tukamwita baba. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya mlango, tukamwonyesha padi mbili, ya bluu na nyeupe. Akatabasamu.

"Muulizeni mama yenu," akasema.

Mama alikuwa amekwisha fika mlangoni pa nyumba. Hakungoja aulizwe mara mbili. Alikuwa anajifunza kuendesha, akasema, mimi nikiwa shuleni na mdogo wangu bado ananyonya. Akalipitisha gari getini, nguzo ikaukwangua mlango wote. Baba alilipeleka kwa fundi siku ileile kabla sijarudi, likarudi jipya, na wakakubaliana lisisemwe kwa mtu. "Na hamkulisema," nilimwambia. "Tungelisema kwa nani? Gari letu, geti letu." Nilimuuliza kama ndiyo sababu aliacha kuendesha. Akasema hapana, aliacha kwa sababu watoto tuliongezeka na nafasi ya kujifunza ikakosekana, na kila mwaka alisema mwaka ujao.

Mdogo wangu, kama fundi, alishaanza kupiga hesabu. Kwamba angeweza kuutoa mlango, kuukwangua, kuchanganya rangi mpaka ifanane na ile ya boneti, apulize tabaka moja kama ya kiwandani. Alikuwa anaeleza kwa furaha kabisa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Huo usiuguse, mwanangu. Huo ni wangu."

Akauacha. Aliung'arisha kwa polishi nyepesi ya kliya, akapiga nta gari zima na mlango ule pamoja, akasafisha kromu ya bampa, akaondoa utepe. Kuanzia hapo hakuna aliyetaja habari ya kupuliza, na mwenyewe ndiye huwaonyesha wageni ile tofauti, anawaambia wainame watazame kwa mshazari.

Tulipomaliza tulirudisha viti. Nilikuwa nimepaka grisi reli za cha dereva mpaka zinateleza kwa kidole. Baba alifungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga. Nilidhani mama atakwenda nyuma. Alizunguka akaingia kwa dereva, akavuta kiti mbele mpaka mwisho wa reli, akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Alikaa hivyo kidogo, akanyoosha shingo. Sponji yangu mpya ilikuwa nzuri, lakini niliipima kwa kimo cha baba.

"Mwanangu," akaniita kupitia dirishani, "sioni boneti. Nishonee mto."

Vipande vya ngozi bandia vilikuwa vimebaki vya kutosha. Nilimpima akiwa ameketi palepale, kutoka kitini mpaka usawa wa macho, nikaingia ndani, nikabadilisha sindano iliyokuwa imechoka, na kabla ya jioni mto ulikuwa tayari, mshono wa milimita nne kama wa kiti.