Uzoefu wangu wa kumtambua pweza wa kilindini

Chupa ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa na kitu kama kitambaa kilichokamuliwa kikasahaulika. Kilinaswa na juya zaidi ya mita 1,000 chini ya maji, ngozi imechubuka, mikono imejikunja kama ngumi. Kibandiko kilikuwa na neno moja: pweza.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa picha. Kwa wiki kadhaa nilikesha nikitazama video za roboti za kilindini, nikajua rangi za kila pweza. Kumbe rangi ndiyo ya kwanza kupotea mnyama akitiwa kwenye dawa. Nikaanza upya, na swali la kwanza likawa jepesi kuliko yote: ana mapezi? Kundi la Cirrata lina mapezi mawili, kama masikio ya tembo, na nyuzi laini kandokando ya vinyonyeo. Kundi la Incirrata halina, na humo ndimo walimo pweza wa miambani tuliowazoea. Hata hapo kuna mtego. Vampyroteuthis, mnyama wa kilindini anayefanana na pweza, ana mapezi na nyuzi, lakini amewekwa kwenye oda (kundi kubwa la uainishaji) yake peke yake. Mtaalamu wa wanyama Carl Chun, aliyemweleza mwaka 1903, alimhesabu kuwa pweza. Nilipokuja kukosea, hilo lilinifariji kidogo.

Wangu hakuwa na mapezi. Katika kina kile nilikuwa na majina mawili kichwani: Muusoctopus, mwenye safu mbili za vinyonyeo na kwa kawaida ngozi laini, na Graneledone, mwenye safu moja na ngozi yenye vipele vigumu. Mfuko wa wino hausaidii, kwa sababu wote wawili hawana. Katika giza lile wino wa nini? Ngozi yenyewe ilishachubuka. Nikahesabu vinyonyeo, nikaona safu mbili, nikaandika Muusoctopus na kwenda kunywa chai nikiwa nimeridhika kabisa.

Mwalimu wangu alimtazama mnyama yule kwa nusu dakika. “Umehesabu mkono upi?”

Nilikuwa nimehesabu ule uliojikunja kuliko yote, kwa kuwa ndio uliokaa juu. Mkono ukijikunja, vinyonyeo vya safu moja husukumana, kimoja kikaenda kushoto, kingine kulia, na jicho likaona safu mbili. Aliunyoosha mkono mwingine polepole kwa koleo, akaanzia karibu na mdomo. Safu moja, imenyooka. Kisha akanionyesha sehemu ndogo juu ya jicho ambayo wavu haukuigusa: vipele vigumu vilikuwa vimebaki pale pale. Sikuwa nimeitazama kabisa.

Tangu siku hiyo nahesabu mikono yote minane, hata ikichosha. Napima urefu wa mwili kutoka katikati ya macho hadi mwisho wa nyuma, nahesabu vijani (vipande vyembamba) vya matamvua, halafu nageukia mkono wa tatu wa kulia, ambao kwa madume wengi ncha yake imebadilika ili kupitishia mbegu. (Dume la Haliphron atlanticus huuficha mkono wake huo kwenye mfuko chini ya jicho, ndiyo maana huitwa pweza wa mikono saba ilhali anayo minane.) Ncha ya wangu ilikuwa nzima na ya kawaida: jike. Ilinisikitisha, kwa sababu ncha ya dume hutenganisha spishi nyingi.

Vinasaba vingenisaidia, lakini alishatiwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, nayo huviharibu. Kipande cha msuli kinatakiwa kikatwe kwanza, kiwekwe kwenye alkoholi, ndipo mwili uende kwenye fomalini. Wenzetu walioeleza pweza Grimpoteuthis imperator mwaka 2021 walimtazama ndani kwa mashine za kupiga picha bila kumpasua. Mimi nilikuwa na hadubini na taa.

Nilishawishika kuandika Graneledone boreopacifica, spishi inayojulikana zaidi. Jike mmoja wa spishi hiyo alionekana kwenye korongo la Monterey, chini ya Pasifiki karibu na California, kina cha mita 1,400 hivi, akilinda mayai yale yale kwa miezi 53, kuanzia 2007 hadi 2011. Lakini umaarufu si alama ya mwilini, na chupa yangu haikutoka Pasifiki. Nikabandika karatasi mpya, spishi nikaiacha wazi kwa “sp.”: “Graneledone sp., jike. Vinyonyeo safu moja, vimehesabiwa kuanzia mdomoni.”