Siku moja maishani mwangu: watoto 22 na toroli mbili

Saa 12:40 asubuhi

Darasa liko kimya. Nafika karibu saa nzima kabla ya watoto, kwa sababu nusu ya kazi yangu hufanyika wakati wao hawapo. Nafundisha darasa la awali, watoto 22 wa miaka minne na mitano, nikisaidiwa na mwalimu mwenzangu mmoja.

Leo nimetoa stoo toroli mbili. Ya tatu ipo, nzima kabisa, lakini nimeiacha nyuma ya mlango. Toroli zikiwa tatu, kila anayeitaka anaipata bila kufungua mdomo. Ikiwa moja, ni vita. Zikiwa mbili, mtu itambidi aulize, angoje, abembeleze, wakubaliane zamu. Ningekuwa na watoto wa miaka miwili ningezitoa zote tatu na kuazima ya nne, maana umri ule haujawa wa kungoja. Hawa wangu wanaweza, kwa shida, na shida hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Kona ya kuigiza wiki hii ni hospitali. Kuna shuka mbili, vitambaa vya kufungia vidonda, daftari la kuandikisha wagonjwa na simu mbovu. Dawa ni vifuniko vya chupa.

Saa 1:30 asubuhi

Wanaanza kuingia. Kando ya mlango nimebandika nyuso sita nilizochora kwa mkono: furaha, huzuni, hasira, woga, uchovu, na uso mmoja usio na mdomo, wa yule ambaye bado hajui anajisikiaje. Kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye alama yake, na akifika anakibana kwenye uso wake wa asubuhi hiyo.

Mwaka ulipoanza walikuwa na maneno mawili tu, "nimefurahi" na "nimekasirika". Kila kitu kibaya kilikuwa hasira. Tumekuwa tukiyaongeza polepole, kwa kuyaigiza kwa sura na mwili, na Kiswahili kimetujalia maneno ya kutosha. Kununa si kukasirika. Anayenuna anataka uje umuulize ana nini. Anayesusa ameacha mchezo ili aone kama mtamfuata. Anayeona haya hapendi umkazie macho. Mtoto akishajua jina la kinachomsumbua, mara nyingi hana tena haja ya kukitupa chini na kupiga mateke.

Leo msichana mmoja kabana kwenye uso usio na mdomo, akabaki amesimama.

"Mwalimu, nina donge hapa." Akagusa koo.

Nikachuchumaa. "Donge la kulia au la kusema?"

Akafikiri kidogo. "La kusema." Na akalisema: mdogo wake alilia jana, akagombezwa yeye, na hakuwa amefanya kitu. Sikutoa hukumu juu ya mambo ya nyumbani kwao. Nilimwambia tu, "Kusingiziwa kunauma." Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuvua viatu.

Baba mmoja akaninong'oneza huku mwanawe amemng'ang'ania mguu. "Mwalimu, niondoke akiwa hatazami?"

"Hapana, baba. Muage."

Najua kutoroka ni rahisi kwa siku moja. Siku ya pili mtoto hacheki wala hachezi, analinda mlango. Basi baba akainama, wakagonganisha viganja mara tatu kama walivyozoea, akasema "nitakuja baada ya hadithi", akaondoka. Kilio kikawepo, kikaisha.

Saa 2:15 asubuhi

Tunakaa duara. Nina kikaragosi cha soksi ya kijivu ambacho watoto wenyewe wamekiita Soksi. Leo Soksi ameweka mpira wake kikapuni, akatoka nje. Kikaragosi mwenzake akauhamishia kwenye boksi. Soksi anarudi. Atautafuta wapi?

"Kwenye boksi!" wanapaza sauti wachache, wengi wao wale wadogo zaidi. "Kikapuni!" wanabisha wengine. Mvulana mmoja akasimama kabisa: "Yeye hakuona! Hajui!"

Swali la namna hii walilitumia wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner katika utafiti wao wa mwaka 1983, na tangu hapo limeulizwa kwa watoto wengi sana. Wengi wa miaka mitatu hujibu kama vile kila mtu anajua wanachokijua wao. Kati ya miaka minne na mitano hivi, mtoto huanza kushika kwamba kichwa cha mwenzake kina habari tofauti na chake. Mimi silitumii kama mtihani. Nalirudia kwa sura mpya karibu kila wiki, kisha nawaacha wabishane, kwa sababu huwezi kumwonea mtu huruma kama hujaweza kufikiria anachokiona yeye.

Baada ya hapo tunasukumiana mpira. Sharti ni moja: umwite mwenzako jina, umngoje akutazame, ndipo usukume. Unaonekana mchezo mdogo, lakini kuna watoto ambao hawasikii jina lao likitajwa kwa upole siku nzima isipokuwa hapa.

Saa 3:00 asubuhi

Mchezo huru. Saa moja na dakika kumi, na siikatizi kwa lolote. Dakika ishirini hazitoshi. Zile za mwanzo zote huishia katika kugawana nafasi, nani daktari, nani mgonjwa, nani anapokea simu, na mazungumzo hayo ndiyo shule yenyewe.

Toroli zimeshachukuliwa. Wa tatu amefika, ameshika mpini wa mwenzake. Mkono wangu unawasha kutaka kuingilia. Nasogea karibu, nanyamaza.

"Naitaka."

"Bado naendesha."

"Utamaliza lini?"

Kimya. Kisha: "Nikizunguka mti mara tano."

Akakaa chini kuhesabu. Alipofika mara ya nne mwenye toroli alizunguka haraka kidogo, ya tano akaishusha mbele yake bila kuambiwa. Miezi mitatu iliyopita wawili hawa walirushiana mchanga. Ningeingilia dakika ile ya kimya, ningekuwa nimewanyang'anya kauli yao.

Lakini moyo wangu leo ulikuwa hospitalini. Kuna mvulana ambaye kwa wiki tatu amekuwa akisimama kando ya rafu ya vitabu akitazama wenzake wanavyocheza. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani Mildred Parten alichapisha maelezo ya namna watoto wanavyoshiriki katika michezo: wapo wanaocheza peke yao, wanaotazama tu, wanaocheza bega kwa bega bila kushirikiana, hadi wanaojenga mchezo mmoja kwa pamoja. Watu wengi wakisoma hayo huona ngazi, kisha humhurumia aliye chini. Mimi naona kutazama ni kazi. Mtoto anayetazama anajifunza sheria kabla ya kuingia, kama mgeni anayetulia kwanza ajue nyumba ina taratibu gani. Kosa ni kumshika mkono na kumtangaza: "Jamani, huyu naye acheze!" Hapo macho yote yanamgeukia, naye anarudi rafuni kwa wiki nyingine tatu.

Basi nilijifanya mgonjwa. Nikabeba mwanasesere, nikaenda kuketi jirani naye, nikakohoa. Daktari, mwenye umri wa miaka minne na nusu, akaniita kwa ukali: "Mgonjwa, njoo!"

Nikamgeukia yule mvulana bila kumtazama sana. "Samahani, daktari ananiita. Unaweza kunishikia mtoto wangu? Ana homa."

Akampokea. Nikaenda, nikapimwa, nikaandikiwa vifuniko viwili vya bluu. Nilijichelewesha makusudi. Niliporudi sikumkuta rafuni. Alikuwa kwenye foleni, mwanasesere begani, anampigapiga mgongo taratibu, na mbele ya daktari alikuwa anasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ajiunge nasi: "Huyu hajalala. Anaogopa sindano."

Daktari akafikiri. "Basi leo hatumchomi. Mwimbie."

Akaimba. Nami nikatoka kwenye mchezo kimyakimya, maana hawakunihitaji tena.

Saa 4:10 asubuhi

Hapa nilikosea. Mnara wa mbao waliokuwa wakiujenga watoto wawili uliangushwa na kiwiko cha mtoto aliyekuwa akipita. Mjenzi mmoja akampiga kofi la mgongo. Ulikuwa muda wa kukusanya vifaa, nilikuwa na haraka, nikasema lile neno ambalo nimewahi kuwaonya walimu wengine dhidi yake: "Ombaneni radhi, yaishe."

"Samahani," alisema mpigaji, macho ukutani. "Samahani," alisema mwingine, bado analia. Halikuisha. Walipita kando ya meza wakasukumana tena.

Nikawarudisha, safari hii polepole. Mwenye hasira alikuwa bado anahema, na mtoto anayehema hivyo hawezi kujadiliana. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kujizuia na kupima jambo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Nilikaa naye kwenye mkeka wa kutulia. Tunao mchezo wa pumzi: kiganja kimoja ni ua, kingine ni mshumaa. Unanusa ua, unauzima mshumaa taratibu usije ukamwaga nta. Mara ya kwanza alipuliza kwa hasira. Mara ya sita mabega yalishuka.

Ndipo nikawauliza wote maswali yaleyale. Ulitaka nini? Unaona nini usoni mwa mwenzako? Sasa kifanyike nini ili awe sawa? Mjenzi akasema alidhani ameangushiwa makusudi. Aliyepita akasema hakuuona mnara, alikuwa anatazama chini. Kisha akajitolea mwenyewe: "Nitakuletea mbao ndefu." Aliyepiga akaenda kulowesha kitambaa, akamwekea mwenzake mgongoni. Sina imani na samahani ya kuamrishwa. Mtoto akipewa nafasi ya kutengeneza alichoharibu, neno lenyewe mara nyingi huja bila kuitwa, na leo lilikuja wakati wa kuweka mbao ya tatu.

Saa 5:00 asubuhi

Uwanjani. Tunacheza kinyume: nikisema gusa kichwa, wanagusa vidole vya miguu, na nikisema vidole, wanagusa kichwa. Watafiti hutumia mchezo wa namna hii kupima uwezo wa mtoto kujidhibiti, kwa kuwa lazima azuie kile mwili unachotaka kufanya kwanza. Baada yake tunacheza sanamu: ngoma ikipigwa wanacheza, ikinyamaza wanaganda.

Hatumtoi anayekosea. Nimelishikilia hili kwa miaka na sitaliacha. Ukimtoa anayetikisika, wa kwanza kukaa nje ni yuleyule ambaye kujizuia kunamwia vigumu, halafu aliye hodari anabaki akijizoeza peke yake. Anayetikisika anasema "nimetikisika", tunaendelea.

Mwisho tunashika shuka kubwa pande zote, watoto wanane wanane, mpira katikati. Lengo ni mpira usianguke. Mmoja akivuta kwa nguvu kuliko wenzake, unaruka nje. Hakuna wa kumlaumu kwa muda mrefu kwa sababu kila mkono umeshika. Leo kundi moja lilifikisha kuhesabu 31.

Saa 5:50 mchana

Wanapumzika. Hadithi moja fupi kwa sauti ya chini. Watatu wamesinzia.

Saa 6:30 mchana

Wazazi wanawasili. Yule baba amekuja baada ya hadithi, kama alivyoahidi, na mwanawe hata hakukimbia. Alimalizia kwanza kuvaa viatu.

Mama mmoja akaniuliza, kwa heshima lakini kwa wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, leo wameandika nini? Au wamecheza tu?"

Ningeweza kumwambia kwamba kucheza ni haki iliyoandikwa katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Lakini mzazi anataka habari za mwanawe. Nikamweleza juu ya mti na mizunguko mitano: mwanao alisubiri zamu yake akihesabu, hakunyang'anya, hakuja kunishtakia. Akanyamaza. "Huyu? Nyumbani hangoji hata dakika."

Nikampa mchezo wa kwenda nao: kila jioni, kabla ya kulala, wapeane zamu ya kuigiza uso mmoja bila maneno, mwingine akisie hisia na sababu yake. Mama naye aigize, hata uchovu wake. Watoto hufurahi mno kugundua kwamba mtu mzima naye huona haya.

Saa 7:40 mchana

Nafagia mchanga, kisha naandika daftari la siku. Siandiki kila mtoto kila siku. Naandika watatu wanne, na naandika nilichoona, si ninachodhani. "Aliomba zamu kwa maneno." "Alipiga mara moja, akatulia baada ya pumzi sita." Kwa mvulana wa rafuni nimeandika: "Alishika foleni. Alimsemea mwanasesere. Aliimba, dakika mbili hivi."

Kesho hospitali inabaki. Nimekunja shuka, nimehesabu vifuniko, na yule mwanasesere mwenye homa nimemlaza juu ya rafu ya vitabu, mahali ambapo mvulana akisimama atamwona bila mtu kumwonyesha.