Jaji aliyesikiliza kesi ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam

Agosti 7, 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 224: Nairobi 213, Dar es Salaam 11. Kesi ya washtakiwa wanne ilisikilizwa Manhattan, New York, mwaka 2001, mbele ya Jaji Leonard Sand wa Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho. Neno "wilaya" lisikupoteze. Hiyo si mahakama ya hakimu wa wilaya kama ya kwetu. Ndipo zinapoanzia kesi nzito za serikali kuu ya Marekani, mashahidi wanapoapishwa na vielelezo kupokelewa.

Katika kesi kama hiyo jaji haamui nani ana hatia. Hilo ni la jurii, raia 12, na sharti wote 12 wawe na kauli moja. Usiwafananishe na wazee wa baraza wa Tanzania, ambao hutoa maoni tu na hayamfungi jaji. Jaji wa Marekani hubaki na kazi isiyoonekana sana: kuamua jurii isikie nini na isisikie nini. Kesi nyingi hushindwa au kushinda hapo, kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Mmoja wa washtakiwa, Mohamed al-Owhali, alikamatwa Nairobi siku chache baada ya mlipuko. Akiwa mikononi mwa polisi wa Kenya alihojiwa na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Fomu aliyopewa ilisema kwamba angekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, lakini kwa kuwa hayuko Marekani, hawawezi kumhakikishia. Mawakili wake wakaomba maelezo yake yasipokelewe. Sand akayachunguza pembeni, jurii haipo, kama inavyofanyika kwetu katika kesi ndani ya kesi. Akaamua kwamba mgeni anayehojiwa nje na maofisa wa Marekani, kisha akashtakiwa Marekani, naye ana kinga ya kutojitia hatiani. Kwa hiyo lazima aambiwe anaweza kunyamaza, na asikatishwe tamaa kuhusu wakili ilhali hakuna aliyeuliza sheria ya nchi ile inasemaje. Fomu haikutosha. Kilichookoa ushahidi ni kwamba baadaye mwendesha mashtaka wa Marekani alimweleza haki zake kwa mdomo. Maelezo yaliyofuata yakapokelewa.

Huo kwangu ndio uamuzi mkubwa wa kesi nzima. Mstari mmoja uliokosewa kwenye fomu ungeweza kuifuta kauli ya mshtakiwa mwenyewe, na familia za watu 224 zilikuwa zikisubiri. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kinga inamhusu mgeni, ila ikalegeza masharti ya onyo ambayo Sand alikuwa ameyaweka.

Mei 29, 2001 jurii iliwatia hatiani wote wanne kwa makosa yote 302. Wawili, al-Owhali na Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, walikabiliwa na adhabu ya kifo. Jurii haikuafikiana, na kisheria kutoafikiana maana yake ni maisha jela. Sand alisoma adhabu Oktoba 18, wiki tano baada ya Septemba 11, katika jengo lililo mwendo wa miguu tu kutoka minara iliyoanguka. Kwa wawili hao kifo hakikurudishwa mezani. Wote wanne walipata kifungo cha maisha bila msamaha.

Sand wakati huo alikuwa na miaka 73. Alizaliwa 1928, akawa mwendesha mashtaka kijana, baadaye wakili wa kujitegemea kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 1978 Rais Carter alimteua na Seneti ikamthibitisha. Jaji wa namna hii hana muda wa kumaliza, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Akitimiza miaka 65, na umri wake ukijumlishwa na miaka ya utumishi ukafika 80, anaweza kuwa jaji mwandamizi: anapunguza mzigo wa kesi na nafasi yake inajazwa. Sand alitimiza 65 na 15 mwaka 1993, akaingia huko mwaka uleule. Kesi ya mabomu, basi, aliibeba wakati ambao angeweza kupumzika.

Lakini kesi iliyomgharimu zaidi ilikuwa ya Yonkers, mji uliopakana na jiji la New York. Mwaka 1985 aliamua kwamba mji huo uliwatenga Weusi kwa makusudi katika makazi na shule. Madiwani walipokataa kupitisha mpango wa nyumba wa kuondoa utengano huo mwaka 1988, aliupiga mji faini ya dola 100 siku ya kwanza, ikiongezeka maradufu kila siku. Hesabu mwenyewe: siku ya kumi ni dola 51,200, ya kumi na tano imepita milioni moja na nusu. Mahakama ya Rufaa iliweka ukomo wa dola milioni moja kwa siku. Madiwani walisalimu amri Septemba. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilifuta faini alizowatoza madiwani binafsi, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba angeanza kwanza na mji peke yake. Shauri la nyumba, lililofunguliwa 1980, lilifungwa 2007, bado likiwa mezani kwake.