Bao shuleni: trei za mayai, maharage na wazee wa baraza

Shule ya msingi hapa Tanga ikitaja "siku ya wazazi", akili zote huhamia kwenye turubai, spika na mgeni rasmi atakayechelewa. Pesa inaishia huko, watoto wanaungua jua. Siku ya michezo ya asili haina gharama hizo, na mchezo wa kuibeba ni bao. Walimu wake wako barazani kila jioni, hatua chache kutoka getini, na hawadai posho.

Shida ya kwanza ni mabao. La mti ni ghali, na kuchimba mashimo uwanjani kunashindikana kwenye udongo wetu wa pwani: mchanga mkavu unajifukia kabla raundi ya pili haijaisha. Ukimwagia maji na kuushindilia utapata mashimo ya saa moja hivi, basi. Trei za mayai ndiyo dawa. Trei moja ina vikombe 30, safu 5 za vikombe 6. Bao linataka safu 4 za mashimo 8. Chukua trei nne. Tatu zikate safu moja kila moja, zibaki 4 kwa 6. Ya nne nayo ipunguze hivyohivyo, kisha igawe vipande vitatu vya 4 kwa 2. Kila kipande kiunge na trei moja: mabao matatu kwa trei nne. Kwa watoto 48, kikundi cha wanne kwa bao, unahitaji mabao 12, yaani trei 16. Wauza chipsi wanazitupa kila siku, waombe wiki mbili kabla.

Usiunge kwa gundi ya unga. Mende na panya wanaila, na unyevu wa kabatini unaifungua. Shona kwa uzi wa katani na sindano ya gunia, halafu shonea bao zima juu ya kipande cha boksi gumu. Boksi hilo lina kazi nyingine: Julai na Agosti kusi inapovuma, trei peke yake hupeperushwa na kete zake. Kati ya safu ya pili na ya tatu piga mstari mnene wa mkaa, maana kosa kubwa la wanaoanza ni kuvuka na kupanda kete, yaani kudondosha moja moja, upande wa mwenzake.

Kete za asili ni komwe, na ukienda kwenye vichaka vya nyuma ya ufuo utaziona, za kijivu, laini kama zimepigwa msasa (maganda yake yana miiba, wasitumwe watoto). Lakini komwe ni kubwa kwa kikombe cha yai. Zikirundikana kumi zinamwagika. Kwenye trei tumia maharage makubwa. Bao moja ni kete 64, mabao 12 ni 768, na nusu kilo inatosha. Yaanike vizuri, la sivyo mwezi unaofuata utakuta unga na wadudu. Watoto wa awali wasiyaguse: maharage huishia puani.

Sasa kanuni. Mzee wa baraza ukimwachia aanze mwenyewe, atafungua na namua: kete sita kwenye nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kwa darasa la nne huo ni msitu. Mwombe, kwa adabu, aanze na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo. Mchezaji anachota shimo lake lenye kete 2 au zaidi, anapanda moja moja kuzunguka safu zake mbili. Ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzake linalolitazama lina kete pia, anakula. Alichokula anakipanda kwake kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele. Pasipo pa kula, kama shimo hilo la mwisho lilikuwa na kete tayari, anachota zote na kuendelea. Kama lilikuwa tupu, amelala: zamu ni ya mwenzake. Safu yako ya mbele ikiisha, umefungwa.

Faida ya darasani iko hapa: kabla mtoto hajachota, ataje kwa sauti kete ya mwisho itaangukia wapi. Wale wawili wanaosubiri zamu ndio waamuzi. Akikosea, zamu inahama. Bila sharti hilo watoto wanabahatisha tu, na kelele inazidi hesabu.

Wasichana wapange kwenye mabao tangu mwanzo. Baraza nyingi ni za wanaume, na ukiacha watu wajichagulie, wasichana watamaliza asubuhi wamesimama nyuma.

Fanya Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa sita kasoro, wazee wawahi adhuhuri. Epuka masika, Machi hadi Mei, na Septemba ya mtihani wa darasa la saba. Wazee waalikwe kwa barua kupitia mwenyekiti wa mtaa, wapewe viti vya kuegemea, kivuli, kahawa na kashata. Wawekee na bao lao la mti pembeni, lakini lifungue saa tano, si mapema: mzee akishaona mtaji, yaani nafasi ya kula, hasikii kengele wala mwalimu mkuu.

Rede na kuruka kamba vitajiendesha vyenyewe. Mashindano ya kukuna nazi yaachiwe kina mama, mbuzi ina meno. Kuhusu michango, mwenye nazi alete nazi. Mchango wa lazima usiuguse.

Mwisho wa siku kila kikundi kihesabu kete 64 mbele ya mwalimu, kizitie kwenye chupa ya maji yenye kifuniko, na chupa ifungwe kwenye bao lake. Kete moja ikipungua, mchezo unaofuata unaanza kwa ugomvi.