Siku moja maishani mwangu: fundi bomba, Tanga

Saa 12 asubuhi. Baiskeli, mfuko wa spana, raba za koki, na chupa tupu za lita moja ambazo wateja hunicheka nazo. Chai na mihogo kwa mama ntilie, huyo naondoka.

Saa 2. Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, mita moja ya maji. Bili hugawanywa kwa vichwa, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ni ugomvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Yule wa chumba cha nyuma anatufilisi. Kutwa kufua!"

Nikaomba koki zote zifungwe, tukaenda kwenye mita. Mle ndani ya kioo mna kigurudumu kidogo kama nyota. Hakuna aliyekuwa akichota, nacho kinazunguka pole pole. Bibi akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Nani kafungua?"

Hakuna. Tulisubiri dakika 10, zikapita lita 4. Piga hesabu: lita 576 kwa siku, karibu ndoo 29, na kwa mwezi yuniti 17, yuniti moja ni lita 1,000. Mwizi alikuwa chooni. Boya, lile la kufunga maji tangi la kuflashi likijaa, limechoka, maji hayakatiki, yanateremka ndani ya sinki kimya kimya mchana na usiku. Huyo mfuaji wa watu sijui amesemwa mara ngapi.

Nikabadilisha boya, nikajaza chupa yangu maji na kuizamisha ndani ya tangi. Kila wakiflashi, lita moja inabaki. Wengine huweka tofali. Msiweke! Linamomonyoka, mchanga unakwenda kula raba.

Saa 6. Raskazone. Jua la utosini, kijana ananyweshea majani kwa mpira. Nikamwambia angoje jioni, maji yasiishie hewani. "Bosi kasema saa hizi." Haya.

Saa 9. Makorora, koki tatu, raba tatu. Dakika 20.

Saa 11. Njiani narudi, bomba la mtaani bado linavuja, siku ya tatu sasa, na simu nimepiga mara mbili. Maji yametoka Mto Zigi, yametulia bwawani Mabayani, yamesafishwa, yamefika mjini, bata wanaogea.

Saa 2 usiku simu inaita. Bibi.

"Mwanangu, nyota imesimama."

"Alhamdulillahi, bibi."

"Lakini yule wa nyuma bado anafua sana."