Kama manowari ile isingepiga hodi Tanga

Kijiweni kwetu Ngamiani hatubishani mpira tu. Yupo mzee mstaafu wa reli, yupo mwalimu wa historia wa sekondari, na nipo mimi, fundi baiskeli. Huu ni mwaka wa tatu tunavutana juu ya jambo moja: ingekuwaje kama Mwingereza angeiteka Tanga kutoka kwa Mjerumani Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia?

Watu wakitajiwa vita vile husema nyuki. Ni kweli nyuki walikuwepo, mizinga yao ya asali ilipigwa risasi wakatoka na hasira zao, lakini waliuma pande zote mbili. Hata Wajerumani walikimbia na bombomu zao, yaani bunduki za rashasha. Sisi hatuanzii kwa nyuki. Tunaanzia asubuhi ya tarehe 2 Novemba, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilipoingia bandarini peke yake. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, akamwambia makubaliano ya kutopigana yamekwisha, mji usalimu amri. Yaani mwenye jeshi la watu wapatao 8,000 baharini alipiga hodi kwanza. Auracher akarudi nchi kavu, akawapasha habari wenzake, kisha mabehewa yakaanza kushuka kutoka Moshi yamejaa askari.

Hapo mzee wa reli huwa hakai. Husimama na kikombe mkononi. "Reli ndiyo iliyopigana, mwanangu. Reli! Njia ile ilifika Moshi miaka michache tu kabla ya vita. Kama isingekuwepo, Lettow, mkuu wa jeshi la Mjerumani, angekuta bendera ya Mwingereza inapepea bomani." Nami nakubaliana naye. Fox ilipoingia, mjini hapakuwa na askari wa kuzuia kitu. Paul von Lettow-Vorbeck alipofika, usiku alipanda baiskeli akapita mitaa yetu hii hadi karibu na bahari, akatazama meli zilivyowasha taa na watu wanavyoshuka Raskazone, rasi iliyo kando ya mji. Kila nikikaza spoku za gurudumu nalifikiria hilo: jemadari mzima anakanyaga pedeli gizani, na mji uko kimya. Tarehe 4 alipigana na watu kama 1,000, akawashinda watu 8,000. Tarehe 5 Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, akawapandisha watu wake melini.

Kwa hiyo dhana yangu ni hii: manowari isipige hodi. Wanajeshi washuke usiku uleule, waushike mji na kituo cha reli kabla ya treni kufika.

Mwalimu hutikisa kichwa. "Kaka, Tanga ilitekwa Julai 1916, na Lettow akaendelea kupigana miaka miwili na zaidi. Hakusalimu amri mpaka Novemba 1918, kule Abercorn, Mbala ya leo. Mji mmoja haukumaliza vita 1916, ungemalizaje 1914?"

Hoja hiyo ilinikosesha usingizi. Nilikaa nayo wiki nzima, na jibu nililolipata bado nalisimamia: tusihesabu mji, tuhesabu risasi.

Askari wa Mjerumani mwaka 1914 wengi walibeba bunduki za mwaka 1871, zile zinazofuka moshi mzito. Ukipiga mara moja adui ameshakuona ulipo. Mwingereza alipokimbia Raskazone aliacha ufukweni bunduki za kisasa kwa mamia, bombomu, simu za vitani na risasi zaidi ya nusu milioni. Hayo yote yakawa mali ya Lettow. Kisha Aprili 1915 ikaja meli Rubens, imejifanya ya Denmark, ikafukuzwa na manowari ya Kiingereza mpaka ikajipandisha ufukweni Manza, hapo kaskazini mwetu tu. Ilipigwa mizinga ikaungua, lakini shehena kubwa iliokolewa. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifumuliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Nani angeketi Manza kuanika baruti kama Tanga ingekuwa mkononi mwa Mwingereza? Meli isingethubutu hata kuisogelea pwani hii. Kwa hodi moja, Lettow alipata ghala mbili.

Siku niliyosema hivyo mwalimu alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Kisha akaniletea jambo lililonifurahisha kuliko ushindi. Akasema: haya, vita viishe 1915. Sasa tazama ramani. Wabelgiji waliingia Kigali Mei 1916 na Tabora Septemba 1916. Kwa kuwa walikuwa wameshaishika nchi, ndipo baada ya vita wakaachiwa Ruanda-Urundi. Vita vikiisha kabla hawajavuka mpaka, wangedai nini? Yote ingebaki kipande kimoja, koloni moja la Mwingereza kutoka Tanga hadi Kigali na Bujumbura. Na pembe ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ambayo leo ni Msumbiji? Mreno aliingia vitani Machi 1916. Asingepata kitu.

Tulichora ile ramani kwa mkaa juu ya sakafu ya saruji. Vijana wa bodaboda wakasimama kutazama, mmoja akauliza kama mji mkuu ungekuwa Dodoma au Tabora. Tukabishana mpaka adhana ya Magharibi.

Lakini mzee wa reli hakuwa anacheka. Aliniuliza, "Na babu yenu je? Katika ramani yenu hii yumo?"

Anaijua habari hiyo. Baba wa bibi yangu alikuwa Handeni. Mwaka 1916, Mjerumani alipokuwa anarudi nyuma na Mwingereza anamfuata chini ya Jenerali Smuts, alichukuliwa kubeba mzigo. Ndugu wengine husema alichukuliwa na Mjerumani, wengine husema na Mwingereza. Ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya wapagazi waliokufa inapita 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na watu hununua nyanya pale kila siku. Na Ugogo, ambako majeshi yalikomba nafaka na ng'ombe, njaa iliyofuata waliipa jina lake, Mtunya.

Nilimjibu mzee kwamba katika dhana yangu babu yumo, yuko Handeni, analima mahindi yake, kwa sababu vita vimekwisha 1915 na hakuna aliyemjia na kamba. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba hata mshindi wa 1915 angehitaji wapagazi kumfuata Lettow bara, huenda babu wangemchukua mwaka mmoja mapema. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na ndilo swali ninalolifanyia kazi sasa, si lile la manowari.

Nyumbani kwetu siku ya kufa kwake haijulikani, wala kaburi. Bibi alipokuwa hai, kila ikisomwa khitma ya mtu mwingine alimwomba maalimu amtaje na baba yake. Jumamosi ijayo tunamsomea bibi mwenyewe. Nimemwambia mwalimu na mzee waje, na jina la babu nimeshaliandika kwenye karatasi nitakayompa maalimu.